Ofa ya Sikukuu, Bei ya Oktoba

Ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, Dar es Salaam nzima ina ofa. Duka la viatu linatangaza asilimia hamsini. Duka la samani linakwambia nunua sofa upewe zulia. Instagram kuna mtu ambaye hukumbuki hata ulimfuata lini, anakuandikia "mzigo mpya umeshuka mpenzi, wahi." Kariakoo ndiyo usiseme: Mtaa wa Kongo haupitiki, kila mlango una spika, na kila spika inataja bei kwa sauti ya kushindana na jirani. Hata Black Friday ya Wamarekani, ile Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani, tumeipokea kwa mikono miwili, ingawa sikukuu yenyewe hatujui hata inaliwaje.

Mimi ndiye mshika daftari nyumbani kwetu. Mume wangu anaita udikteta, lakini akitaka kujua kama tunaweza kununua tairi, haulizi mtu mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na nina hakika wahenga hao walikuwa na watoto wanaosoma. Kila mwaka wenzangu kazini huniuliza tunawezaje kwenda Moshi kula Krismasi na kurudi bila deni la mtu. Jibu langu huwa linawachosha, kwa sababu linaanzia Januari.

Wengi hupanga Desemba kwa kuangalia kilichopo. Mshahara umeingia, kikoba kimevunjwa, haya tugawane. Lakini hela ya Desemba ina wenyewe. Waajiri wengi hulipa mapema, tarehe ishirini au hapo karibu, ili watu wale sikukuu vizuri. Ni wema, ila mshahara unaofuata hauji mpaka Januari iwe inaisha. Ukihesabu kuanzia tarehe 20 Desemba hadi 25 Januari unapata siku 36, na katikati ya siku hizo shule zinafunguliwa.

Elimu bila ada katika shule za serikali ilianza Januari 2016, na mwaka 2022 ikapanda hadi kidato cha tano na sita. Nashukuru, sijasahau. Lakini mtoto haingii darasani kwa kufutiwa ada tu. Anaingia na sare, sweta, viatu vyeusi, kaunta buku, na ile karatasi ya mahitaji inayotaka rimu, ufagio na ndoo, utadhani amepangiwa usafi wa wilaya. Huyo ni wetu mdogo. Mkubwa yuko shule ya kulipia, na awamu ya kwanza ya ada ni shilingi 450,000 kabla hajavaa soksi.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa Desemba kwenye daftari langu una kichwa cha habari JANUARI. Ada, sare, kodi ya nyumba, LUKU, nauli za daladala mpaka mshahara mwingine. Hela hiyo inatoka siku ileile mshahara unapoingia, inakwenda kwenye akaunti isiyo na kadi na isiyounganishwa na simu. Nikiitaka lazima nikapange foleni benki, na foleni ya benki wiki ya Krismasi inatosha kumrudishia mtu akili zake. Kinachobaki baada ya ukurasa huo ndiyo bajeti ya sikukuu. Mwaka jana kilibaki 700,000 kwa watu wanne, pamoja na safari. Kuna mwaka kilibaki kidogo zaidi na hatukusafiri. Tulikula pilau Mbezi, dunia ikaendelea.

Kikoba nacho kina maneno yake. Mwaka mzima mnaweka hisa, mnakopeshana kwa riba ndogo, Desemba mnavunja, kila mtu anachukua hisa zake na faida. Wazo ni zuri, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 serikali inavitambua vikundi hivi na kuvitaka vijisajili. Ugomvi wangu ni na tarehe. Mtu anapewa laki saba taslimu katikati ya Desemba, kikao kimeisha saa kumi jioni, na njia ya kurudi nyumbani inapita Kariakoo. Kikundi chetu tulibishana mpaka chai ikapoa, mwisho tukakubaliana kuvunja wiki ya pili ya Januari. Waliopinga walikuwa na hoja: hela ni yao, sikukuu ni Desemba, kwani sisi ni mama zao? Walizidiwa kura na wenye watoto wa shule.

Sasa twende kwenye ofa zenyewe.

Oktoba huwa napita madukani na daftari mkononi. Sinunui. Nauliza bei naandika: duka, kitu, bei, tarehe. Wauzaji hawanipendi kabisa mwezi huo, na nawaelewa. Mwaka jana viatu vya shule vya kijana wangu, vyeusi vya kamba, namba 36, niliviandika kwa 28,000 katika duka moja la uchochoroni Kariakoo. Wiki moja kabla ya Krismasi nikavikuta palepale, rafu ileile, vimebandikwa kikaratasi kipya cha njano. Juu imeandikwa 60,000 na kupigwa mstari mwekundu, chini yake 35,000 kwa herufi nene.

"Mama, hapo umeshaokoa elfu ishirini na tano," kijana wa dukani akanipongeza.

Nikamfungulia ukurasa. Akausoma, akasogea karibu na taa akausoma tena, akacheka mpaka akaegemea rafu.

"Ah, mama! Hiyo si ilikuwa bei ya Oktoba?"

"Basi niuzie ya Oktoba."

"Sikukuu hii mama. Lete thelathini yaishe."

Yakaisha kwa thelathini. Sina kinyongo naye. Kodi ya fremu Kariakoo haichekeshi, na miezi ya kiangazi cha biashara ni mirefu. Ila nataka tuelewane kuhusu ile elfu sitini. Hakuna mtu aliyewahi kuilipa. Imewekwa pale ianze kuingia kichwani kabla ya ile ya chini, ili thelathini na tano ionekane zawadi.

Kuna jaribio maarufu la wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman, walilolieleza mwaka 1974, na kila nikilikumbuka nacheka kwa sababu limetugusa sisi wenyewe. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, gurudumu ambalo lilikuwa limechezewa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Halafu wakawauliza: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Waliotokewa na 10, kadirio lao la kati lilikuwa 25. Waliotokewa na 65, likawa 45. Gurudumu halijui habari ya Afrika hata kidogo, na watu walijua halijui, lakini namba ikishatangulia inavuta hesabu upande wake. Kijana wa Kariakoo hajasoma makala ile. Ana kalamu nyekundu, inamtosha.

Machinga wa barabarani yeye hahitaji hata kikaratasi. Anaanza na "hamsini dada yangu, lakini mazungumzo yapo," na tayari umeshapewa hamsini ya kuanzia. Ukisita anakuuliza, "Kwani wewe una shingapi?" Hilo ndilo swali la kuogopa kuliko yote Kariakoo, maana ukilijibu kwa ukweli bei itapanda au kushuka mpaka ikutane na mfuko wako. Mama yangu alinifundisha kulijibu kwa swali: "Ungekuwa unamuuzia dada yako ungemwambia ngapi?" Haifanyi kazi kila mara, lakini angalau inampa kijana nafasi ya kucheka.

Ulaya jambo hili limeingia kwenye sheria. Tangu Mei 2022, katika Umoja wa Ulaya, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyoitoza kwa kitu hicho ndani ya siku 30 zilizotangulia. Kwa sheria hiyo yule kijana angetakiwa kuandika elfu ishirini na nane, au chochote alichokuwa akiuzia mwezi ule, halafu tuone ofa iko wapi. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini ni nani ataacha pilau jikoni akalalamike kwa ajili ya kikaratasi cha njano? Siku thelathini zangu nimeziweka mwenyewe kwenye daftari.

Upande wa mtandaoni hali ni ngumu zaidi, kwa sababu bei yenyewe haionekani. Zamani kidogo tulikuwa na Jumia, bei ikiwa chini ya picha, kila mtu anaiona. Ilifunga shughuli zake Tanzania tarehe 27 Novemba 2019, siku mbili kabla ya Black Friday ya mwaka ule. Sasa picha ya gauni inapandishwa na chini yake "bei njoo inbox". Nina mashaka na muuzaji anayetaka kuona kwanza picha yangu ya wasifu ndipo ajue gauni ni shilingi ngapi. Na hata akitaja bei nzuri, bado kuna bodaboda. Gauni la elfu kumi na tano likifika Mbezi limeshakuwa la elfu ishirini, na ukilikuta linabana, risiti (kama ipo) imeandikwa kwa chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Simu yenyewe ni hatari ya pekee. Siku hizi ukikwama kaunta, salio halitoshi, huduma ya mkopo inamalizia muamala: Songesha huku kwetu, Fuliza kwa wenzetu Kenya. Zinasaidia. Usiku mtoto ana homa na duka la dawa liko wazi, nani atazikataa? Lakini zamani mtu akipungukiwa kaunta alikuwa anarudisha kitu kimoja kwenye rafu, anaona aibu kidogo, anaondoka. Aibu ile ilikuwa inafanya kazi kubwa ya bajeti bila malipo. Sasa muamala unakamilika, unatoka unatabasamu, na hela yoyote itakayoingia baadaye inaanza kukatwa. Desemba nikienda sokoni nakwenda na taslimu, kiasi kilichoandikwa, na simu nampa mume wangu. Sijataja wale wakopeshaji wa riba kali, wa kausha damu, kwa sababu anayefika huko kulipia nguo za sikukuu anahitaji ndugu wa kumkalisha chini, blogu haitoshi.

Ngoja nikuonyeshe ule ukurasa wa laki saba, maana hapo ndipo wanaokesha na ofa wananishangaza. Nauli ya watu wanne, Dar kwenda Moshi na kurudi: 320,000. Mizigo ya nyumbani, yaani mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni na kitenge cha mama mkwe: 120,000. Nguo za watoto wawili: 90,000. Mchango wa mbuzi: 60,000. Watoto wa ukoo: 40,000. Sadaka: 20,000. Dharura: 50,000.

Sasa nitafutie ofa humo. Ipo kwenye nguo za watoto, basi. Hata nikipata nusu bei ya kweli kabisa, isiyo na kalamu nyekundu, nimeokoa 45,000 kati ya 700,000. Hela nyingi inaliwa na mahali ambapo hakuna aliyewahi kutangaza asilimia hamsini. Nauli ina ukomo wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, lakini ukomo unamsaidia aliyewahi tiketi. Ukijitokeza Kituo cha Magufuli tarehe 23 na mabegi matatu na watoto, utasafiri kwa huruma ya wapiga debe. Tiketi zetu zinakatwa mapema Novemba, kwenda na kurudi, na hiyo ndiyo ofa kubwa kuliko zote ninazopata mwaka mzima ingawa haina bango.

Chakula ndiyo kinaenda kinyume kabisa na mabango. Wakati magauni yanashuka bei, mchele unapanda, kuku wa kienyeji anapanda, nyama inapanda, hata vitunguu vinajiona. Kwa hiyo mchele wangu nanunua Tandale mapema, pamoja na dumu la mafuta na viungo vikavu. Iliki ya Desemba inauzwa kwa kuhesabiwa punje. Kuku huwezi kumnunua Oktoba ukamweka kabatini, kwa hiyo huyo tunamwachia Mungu na mama mkwe, ambaye anafuga.

Mbuzi ana historia yake. Kwetu Kibosho, huko Moshi, nasema kwetu kwa ndoa maana mimi ni wa Tanga, Krismasi bila mbuzi ni siku ya kawaida iliyovaa nguo mpya. Kuna supu, kuna kisusio kwa wanaokijua, kuna mbege ya wazee. Mchango ulikuwa unatangazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tarehe ishirini na mbili Desemba, kila nyumba elfu sitini, "tuwahi ndugu zangu." Tarehe ishirini na mbili! Mtu ameshanunua kila kitu, anatumiwa ujumbe wa elfu sitini ambao hauwezi kukataliwa, kwa sababu utamkataaje mbuzi wa baba? Wengi walikuwa wanachomoa hela ya ada pale. Niliandika kwenye kundi mwezi wa saba, kwa adabu zote za mke wa mtoto wa tatu, nikapendekeza tuchange elfu kumi na tano kila mwezi kuanzia Agosti. Kimya cha siku nzima. Kisha shemeji mkubwa akajibu kwa alama ya dole gumba, na ukoo mzima ukafuata.

Watoto wa ukoo ndio walioniletea ubishi na wifi. Wanaokusanyika pale kwa babu yao ni wengi, na wanazaliwa wengine. Zamani kila mtu alikuwa ananunua vizawadi: gari la plastiki, mdoli, boksi la pipi, na kila aliyesahaulika alikuwa analia. Hesabu yake haikuwa na mwisho kwa sababu ukiona mdoli wa ofa unakumbuka mtoto mwingine. Nikaleta desturi ya nyumbani. Tanga, siku ya Idi, mtoto anapita nyumba kwa nyumba kusalimia, anapewa mkono wa Idi. Kiasi kinajulikana, kidogo, sawa kwa wote wa rika moja. Babu yangu alikuwa anatafuta noti mpya siku kadhaa kabla, anaziweka chini ya mto, na zikiisha zimeisha, anasema "njooni Idi ya pili." Hakuna aliyemwona bahili.

Kwa hiyo Kibosho nikapanda na noti arobaini za elfu moja moja, mpya, zimefungwa na mpira. Wifi akanitazama. "Ndiyo nini, wifi? Unawapa watoto hela kama konda anarudisha chenji?" Akaona ni ukavu, na sehemu yake naielewa: kumchagulia mtoto kitu ni kumfikiria. Lakini watoto wenyewe walishakimbilia duka la njiani kabla mjadala haujaisha, na jioni mmoja wao alikuwa ameweka mia saba akiba kwenye soksi. Huyo nimemwahidi daftari.

Ile elfu hamsini ya dharura ndiyo inayookoa ndoa. Mgeni njoo mwenyeji apone ni methali ya mwezi wa sita. Desemba mgeni akija, mwenyeji anatumwa dukani. Atatokea binamu aliyekosa nauli ya kurudi Arusha, mtoto wa jirani ataumwa tumbo kwa soda, mchungaji atakumbushia harambee ya bati. Watu husema bajeti zao zinavunjwa na vishawishi vya maduka. Nikiangalia madaftari yangu ya nyuma, maduka ni wanyonge tu. Kilichokuwa kinavuka mstari kila mwaka ni watu, na wote nawapenda, kwa hiyo dawa ni kuwaandikia mstari wao mapema badala ya kujifanya hawatakuja. Hiyo hamsini ikiisha nasema imeisha, na mume wangu anasema hivyohivyo. Hilo ndilo tulilokubaliana kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayeombwa pembeni, kwenye migomba, na binamu wa Kichaga ana maneno matamu kuliko machinga.

Wifi bado hajaridhia noti za elfu. Mwaka huu amependekeza kila mtoto apewe noti na daftari la shule, anunue yeye madaftari, mimi noti. Nimekubali, kwa masharti kwamba anunue Novemba, kabla wafanyabiashara hawajaanza bei za Januari. Mbuzi tumeshamalizia kumlipia. Kinachobishaniwa kwenye kundi sasa hivi ni nani atabeba mchele, kwa sababu kila mtu amekata tiketi ya basi lenye mizigo kilo ishirini.